Maji Kwenye Mfuko wa Moyo: Kwa Nini Sindano Haikuweza Kungoja

SWALI: "Habari daktari. Kaka yangu ana miaka 34, ni dereva wa matatu, na tunaishi Kayole. Kwa karibu miezi miwili alikuwa na kikohozi kikavu, akitokwa na jasho usiku, na suruali zake zikaanza kumlegea. Baadaye miguu ikavimba na akawa halali ila ameketi. Kliniki moja ya mtaani ilimpiga picha ya kifua, ikasema moyo wake ni mkubwa na kuna maji, ikampa dawa ya kukojoa. Alikojoa sana, lakini siku ya tatu akaanguka bafuni. Tulipomfikisha hospitali ya rufaa, daktari alimwekea mashine ya altrasaundi kifuani, na hata dakika ishirini hazikwisha kabla hawajamdunga sindano ndefu chini ya kifua akiwa macho, ameegemezwa mito. Walitoa mililita 900 za maji mekundu kama damu, wakamwachia mpira kwa siku tatu. Sasa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi sita, ilhali makohozi yake hayakuonyesha kitu, na kipimo cha VVU kilionyesha hana virusi. Mama analia kwamba mwanawe alitobolewa moyo akatolewa damu. Mjomba anasema ni baridi ya kuendesha gari usiku madirisha yakiwa wazi, na anataka tuuze shamba tumpeleke India. Je, hakukuwa na dawa ya kukausha maji hayo? Ile kliniki ilikosea? Yatarudi? Na kaka mwenyewe anataka kurudi barabarani wiki ijayo."

JIBU: Dada yangu, poleni sana kwa yaliyowapata, na umfikishie mama pole zangu. Chini ya maswali yako yote naona hofu moja, kwamba kaka yako alifanyiwa jambo la hatari kwa haraka bila kupewa nafasi ya kujaribu dawa kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, ile sindano ndiyo iliyomrudisha nyumbani. Hakuna dawa ya kumeza wala ya mshipani ambayo ingeifanya kazi ile katika saa ile, na dawa aliyokuwa akitumia kwa siku tatu ilikuwa ikimsukuma upande usiofaa.

Nianze na mama, kwa sababu uchungu wake ndio mkubwa zaidi. Moyo haukai wazi kifuani. Umevikwa mfuko mwembamba lakini mgumu, ambao kitaalamu tunauita perikadiamu, na hapa nitauita mfuko wa moyo. Mfuko huo una tabaka mbili, na kati ya tabaka hizo, hata kwa mtu mwenye afya njema, huwa kuna maji kidogo, mililita 15 hadi 50 hivi, kiasi kisichojaza kikombe kidogo cha kahawa. Kazi yake ni kulainisha, ili moyo upige bila kusuguana na viungo jirani. Sindano ya kaka yako iliingia katika nafasi hiyo kati ya tabaka mbili na kukomea hapo. Moyo wenyewe ulikuwa ndani zaidi, ukitengwa na ncha ya sindano na yale yale maji yaliyokuwa yakiubana. Kadiri maji yanavyokuwa mengi, ndivyo sindano inavyopata mahali pa kuingilia bila kuugusa moyo.

Rangi nyekundu ndiyo iliyowatisha, na naelewa. Lakini maji ya kifua kikuu katika mfuko wa moyo mara nyingi huwa na wekundu, kwa kuwa ule utando uliovimba huvuja chembe kidogo za damu ndani yake kwa majuma mengi. Hiyo si damu iliyokuwa ikizunguka mwilini mwa kaka yako ikimpa nguvu, na kuitoa hakukumpunguzia kitu. Kama mlibaki na picha ya ule mfuko wa kukusanyia, huenda mtaona kwamba yale maji yalikaa bila kuganda. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, kwa sababu moyo umeyakoroga kwa siku nyingi hadi uwezo wake wa kuganda ukaisha. Hiyo ni dalili ya kusaidia tu wala si ushahidi kamili, na ndiyo maana daktari hutegemea zaidi kile anachokiona kwenye kioo cha altrasaundi.

Sasa nieleze kwa nini maji haya yanaua, maana hapa ndipo watu wengi, na hata sisi wahudumu wa afya, tunapokosea. Maji kwenye mfuko wa moyo hayaui kwa wingi wake. Yanaua kwa shinikizo. Fikiria kiatu kipya cha ngozi. Siku ya kwanza kinabana hata mguu usio mpana, lakini ukikivaa kwa miezi miwili kinapanuka pole pole na kuukubali mguu. Mfuko wa moyo una tabia hiyo. Mtu aliyechomwa kisu kifuani anaweza kufa kwa mililita 150 au 200 za damu zilizoingia ndani ya dakika chache, kwa kuwa mfuko haukupata muda wa kupanuka. Mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye maji yake yamejikusanya kwa majuma, anaweza kubeba lita nzima, wengine hata zaidi, huku bado anatembea na kwenda kazini. Kisha inafika siku ambayo mfuko umepanuka hadi mwisho wake, na vijiko vichache vya ziada vinapandisha shinikizo ghafla. Kaka yako aliendesha gari hadi karibu na ukingo huo bila kujua.

Moyo una kazi mbili ambazo hupishana: hukaza ili kusukuma damu nje, na hulegea ili kujaza damu nyingine. Watu wengi wanaifahamu ile ya kwanza tu. Maji yanapoubana moyo, kukaza kwake huwa hakujaharibika. Kinachozuiliwa ni kulegea na kujaa. Vyumba vya upande wa kulia, ambavyo kuta zake ni nyembamba, ndivyo vinavyobonyea kwanza. Damu inayorudi kutoka mwilini inakosa pa kuingia, inarudi nyuma, na ndiyo maana mishipa ya shingo hututumka, ini hujaa na miguu huvimba. Upande wa mbele, damu inayotoka kwenda kwenye ubongo na figo inapungua kila dakika. Moyo hujaribu kufidia kwa kupiga haraka haraka, na mishipa ya mikono na miguu hujikaza, kwa hiyo presha inaweza kuonekana ya kawaida kwa muda hata mgonjwa akiwa amebakiza saa chache. Hali hiyo ya moyo kubanwa hadi kushindwa kujaa tunaiita tamponadi, na kwetu katika kitengo cha dharura ni neno linalotufanya tuache kila kitu kingine.

Ukishalielewa hilo, utaona kwa nini dawa ya kukojoa ilimwangusha. Watu husema "ana maji" kana kwamba maji yote ya kifuani ni mamoja, kumbe kuna maji ya mahali patatu tofauti. Kuna yanayojaa ndani ya mapafu yenyewe kwa sababu moyo umechoka kusukuma, na hayo dawa ya kukojoa huyapunguza vizuri. Kuna yanayokaa nje ya pafu, kati ya pafu na mbavu. Na kuna haya ya mfuko wa moyo. Moyo uliobanwa unaishi kwa nguvu ya damu inayosukumana kuingia. Hiyo ndiyo inayovilazimisha vile vyumba vifunguke kidogo dhidi ya shinikizo la nje. Dawa ya kukojoa kama furosemidi inapomkojoza mgonjwa, inapunguza damu hiyo inayoingia, na yale maji ya kwenye mfuko yanabaki pale pale. Kwa hiyo alikojoa sana, miguu pengine ikapungua kidogo, mkafurahi, na kumbe moyo ulikuwa ukizidi kushindwa.

Nalisema hili nikiwa nimelifanya mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini, usiku mmoja wa zamu, nilimpokea mama mwenye miguu iliyovimba, mishipa ya shingo iliyotutumka na pumzi fupi. Nilipomsikiliza kwa stethoskopu, mapafu yake yalikuwa safi, bila ule mchakacho wa maji, na hilo pekee lilitosha kunifanya nisimame nifikiri. Sikusimama. Nilimwandikia furosemidi ya mshipani, na baada ya nusu saa presha yake ikashuka kutoka 95 hadi 70. Daktari aliyekuwa mkuu wa zamu alipofika hakufungua faili. Aliushika mkono wa yule mama, akaweka vidole viwili juu ya mshipa, akamwambia avute pumzi pole pole, kisha akanikabidhi ule mkono. Kila alipovuta pumzi, mapigo yalipotea chini ya vidole vyangu, alipoitoa, yalirudi. Tulimtoa maji usiku ule ule, akapona. Tangu hapo sijamwandikia furosemidi mtu mwenye shingo iliyotutumka na mapafu safi kabla sijautazama moyo wake kwa altrasaundi.

Ile dalili ya mapigo kupotea tukivuta pumzi ilielezwa na daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, mwaka 1873, na maelezo yake ni mepesi ukifikiria kiti cha matatu cha watu wawili. Tunapovuta pumzi, upande wa kulia wa moyo hupokea damu zaidi. Kwa kawaida kuna nafasi ya kutosha, hakuna anayesumbuka. Lakini mfuko ukijaa maji, nafasi iliyobaki haiongezeki hata kidogo, kwa hiyo upande wa kulia ukijaa unausukuma ukuta wa katikati, na upande wa kushoto unabanwa kama abiria wa dirishani. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa zaidi ya milimita 10 za zebaki kila pumzi inapovutwa, tunashtuka.

Umeuliza kama kliniki ilikosea. Sitaihukumu kwa barua, kwa sababu sikuwapo wala sikumwona mgonjwa siku ile, na dalili za tamponadi hufanana sana na za moyo uliochoka. Picha ya eksirei nayo huonyesha kivuli tu. Huonyesha kwamba kivuli cha moyo kimepanuka, tena baada ya maji kufika mililita 200 au zaidi, lakini haiwezi kutofautisha moyo uliotanuka na moyo mdogo unaoelea ndani ya mfuko uliojaa. Hata hivyo sitakuficha ninaloliamini: kijana wa miaka 34 aliyekonda, anayetokwa na jasho usiku, mwenye kivuli kikubwa cha moyo na asiyeweza kulala chali, anapaswa kutumwa kwa kipimo cha eko, yaani altrasaundi ya moyo, siku hiyo hiyo kabla ya kupewa dawa ya kukojoa. Kama mna barua yoyote ya kliniki hiyo, warudieni kwa upole muwaeleze kilichotokea. Mgonjwa mwingine kama yeye atafika mlangoni pao.

Nije kwenye zile dakika ishirini. Kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari wamefundishwa dalili tatu ambazo daktari wa upasuaji wa Marekani, Claude Beck, alizieleza mwaka 1935: presha kushuka, mishipa ya shingo kututumka, na sauti ya moyo kufifia. Ni za kweli, lakini wagonjwa wengi hawazionyeshi zote tatu kwa pamoja, na anayezionyesha zote kwa kawaida amekwisha chelewa. Altrasaundi ndiyo iliyobadilisha mambo. Daktari huweka kile kifaa chini ya mfupa wa kifua, na ndani ya dakika moja anaona ukanda mweusi wa maji ukiuzunguka moyo, moyo ukiyumba ndani yake huku na huku, na ukuta wa chumba cha kulia ukibonyea ndani wakati ambapo ungepaswa kufunguka. Anaona pia mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka tumboni ukiwa umejaa, haupungui mgonjwa anapovuta pumzi. Akiyaona hayo kwa mtu aliyeanguka bafuni, hana sababu ya kungoja eksirei nyingine wala majibu ya maabara.

Mlishangaa kwamba hakulazwa usingizi wala hakulazwa chali. Yote mawili yalikuwa ya makusudi, na yalikuwa sahihi. Mtu mwenye tamponadi akilazwa chali pumzi humbana zaidi. Akipewa dawa ya usingizi, mishipa hulegea na presha huporomoka. Akiwekewa mashine ya kupumulia inayosukuma hewa kifuani, damu inayorudi kwenye moyo hupungua tena, na moyo unaweza kusimama papo hapo. Kwa hiyo madaktari humwegemeza, humpa oksijeni, humwekea dripu kidogo ikiwa amekauka, na kaka yako bila shaka alikuwa amekauka kwa kukojoa, kisha humpiga ganzi ya ngozi na kuanza kazi akiwa macho. Sindano huingia ama chini ya ncha ya mfupa wa kifua ikielekezwa kwenye bega la kushoto, ama upande wa kushoto wa kifua, popote ambapo altrasaundi inaonyesha maji mengi yaliyo karibu na ngozi. Maji yakionekana kwenye bomba la sindano, hupitishwa waya laini, na juu yake ule mpira mliouona.

Mabadiliko huja upesi ajabu. Mililita 50 za kwanza mara nyingi hutosha kuirudisha presha, kwa sababu, kama nilivyoeleza, mfuko ulikuwa umefika mwisho na kiasi kidogo tu ndicho kilichokuwa kikipandisha shinikizo. Baada ya hapo hakuna haraka tena. Tunayatoa mengine pole pole, na wengi wetu hatuvuki lita moja kwa mara moja, kwa kuwa moyo uliozoea kubanwa ukifunguliwa ghafla unaweza kulemewa na damu inayoingia. Mpira huachwa hadi maji yanayotoka yapungue, kwa kawaida chini ya mililita 25 hadi 30 kwa saa 24, na siku tatu alizokaa nao kaka yako ni muda wa kawaida kabisa.

Je, ina hatari? Ndiyo. Sindano inaweza kugusa moyo, pafu, ini au mshipa. Ikiongozwa na altrasaundi mikononi mwa mtu aliyezoea, madhara makubwa humpata mgonjwa mmoja au wawili hivi kati ya mia. Ukiweka hatari hiyo kando ya tamponadi iliyoachwa bila kutibiwa, ambayo huishia kifo, uamuzi wa yule daktari ulikuwa wazi. Si kila maji ya mfuko wa moyo hutolewa, lakini. Mtu mwenye maji kidogo, asiye na dalili za moyo kubanwa, hutibiwa chanzo chake na kurudiwa kupimwa. Na wapo ambao sindano haiwatoshi: aliyechomwa kisu, ambaye damu imeganda na inaendelea kuvuja, anahitaji chumba cha upasuaji, mwenye usaha mzito anahitaji mfuko kufunguliwa na kusafishwa, na aliyepasuka mshipa mkuu wa damu anahitaji mpasuaji wa moyo mara moja, sindano ikiwa ni ya kumfikisha tu.

Mjomba ana haki ya kutafuta chanzo, lakini baridi haileti maji kwenye mfuko wa moyo. Madirisha wazi, tena, ni rafiki wa abiria na wa dereva, kwa sababu hewa inayopita huvitawanya vimelea vya kifua kikuu ambavyo hupenda magari na vyumba vilivyofungwa. Kuna vyanzo vingine vingi: virusi vya kawaida, saratani, hasa ya matiti, ya mapafu na ya tezi za limfu, figo zilizoshindwa kazi, tezi ya shingo (thairoidi) isiyofanya kazi ya kutosha, magonjwa ambapo kinga hushambulia mwili wenyewe. Lakini katika nchi zetu za Afrika, kijana anayekuja na maji mengi ya moyo, amekonda na anatokwa na jasho usiku, kifua kikuu ndicho cha kwanza kufikiriwa, awe na VVU au asiwe navyo.

Makohozi safi hayapingi hilo. Kipimo cha makohozi hutafuta vimelea vilivyomo kwenye mapafu. Kwa wagonjwa kama kaka yako, vimelea mara nyingi hutoka kwenye tezi zilizo karibu na njia ya hewa, kando kabisa ya mfuko wa moyo, na kuingia humo vikiwa vichache tu. Maji mengi ni itikio la mwili dhidi ya vimelea hivyo vichache. Kwa hiyo hata ile mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu, tukiipa maji yenyewe ya moyo, huwakosa wagonjwa wengi ambao kweli wana kifua kikuu, na kuotesha vimelea maabara huchukua majuma kadhaa. Tunasaidiwa na kipimo cha kimeng'enya kiitwacho ADA, ambacho kikifika 40 au zaidi katika maji hayo hutupa sababu nzuri ya kuamini ni kifua kikuu. Ulizeni kama alipimwa, na majibu yakoje. Lakini hata bila hayo, kuanza dawa mapema kwa mgonjwa wa aina yake ni uamuzi ninaouunga mkono. Kabla ya dawa kupatikana, wengi mno wa waliopata ugonjwa huu walikufa.

Huenda pia mtasikia habari za prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe. Utafiti mkubwa kuhusu jambo hili ulifanyika huku kwetu Afrika, ukiongozwa na marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, ukahusisha wagonjwa 1,400 katika nchi 8, Kenya ikiwemo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Kwa jumla prednisoloni haikupunguza vifo, lakini ilipunguza idadi ya waliopata ugumu wa mfuko wa moyo baadaye na waliorudishwa hospitalini. Na kwa wenye VVU iliongeza saratani. Kwa mtu asiye na virusi kama kaka yako, ni dawa ya kujadiliwa na daktari wake kwa utulivu, hasa ikiwa bado mfuko unaonekana umevimba. Msiinunue wenyewe dukani.

Maji yanaweza kurudi, hasa katika majuma ya kwanza kabla dawa hazijashika, na hatari nyingine huja polepole zaidi: mfuko ukipona kwa makovu, unaweza kukakamaa kama ganda na kuubana moyo bila maji yoyote. Dalili zake ni miguu kuvimba tena, tumbo kujaa na uchovu usioisha, na huonekana miezi kadhaa baadaye, wakati mtu amekwisha jihesabu mzima. Ndiyo sababu anahitaji eko tena baada ya wiki mbili hivi, na tena kabla ya kumaliza dawa. Dawa zenyewe hutolewa bure katika vituo vya umma, na sharti azimalize zote kwa miezi sita, hata akijisikia vizuri mwezi wa pili. Mwambie mama mapema kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hugeuza mkojo na hata machozi kuwa ya rangi ya chungwa. Akiuona mkojo ule bila kuambiwa atadhani ni damu tena. Macho ya kaka yako yakiwa manjano, au akitapika kila anachokula, arudi kliniki siku hiyo. Nanyi mnaoishi naye mpimwe kifua kikuu, na watoto wa chini ya miaka mitano wapelekwe wa kwanza.

Shamba msiliuze. Eko, utoaji wa maji, dawa za kifua kikuu na hata upasuaji wa moyo, iwapo siku moja utahitajika, vyote vinapatikana hapa Nairobi, na hakuna dawa ya ugonjwa huu huko India ambayo hamtaipata hapa.

Kuhusu usukani, jibu langu kwa wiki ijayo ni hapana. Najua gari likisimama hela ya nyumbani nayo inasimama, na silichukulii hilo kwa wepesi. Lakini mtu aliyeanguka bafuni juzi hawezi kubeba abiria kwenye Outering Road kabla eko haijaonyesha kwamba maji hayajarudi. Anaweza kutembea, kufanya kazi nyepesi, hata kukaa stejini akipanga magari. Siku ya eko ijayo ndipo amwombe daktari wake kauli ya wazi kuhusu kuendesha.

Ikiwa kabla ya siku hiyo atashindwa tena kulala ila ameketi, au mapigo yatakwenda mbio akiwa amepumzika, au atapata kizunguzungu, jasho baridi au kuchanganyikiwa, au mtaona mishipa ya shingo imesimama huku ameketi wima, msingoje asubuhi. Pigeni 999 au 112, au mtafute gari, mkimweka ameketi, na mwende hospitali iliyo karibu yenye altrasaundi na daktari wa zamu, hata kama si ile kubwa mliyoizoea ng'ambo ya msongamano. Mlangoni semeni maneno haya, kabla ya kutaja miguu wala kikohozi: "Alitolewa maji kwenye mfuko wa moyo." Mkiambiwa habari ya malipo kwanza, kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Na kwenye kliniki ijayo mbebe kadi yake ya kifua kikuu, karatasi ya majibu ya yale maji, na ripoti ya eko ya siku ile ya kwanza, ili daktari apate cha kulinganisha. Muulizeni mambo mawili: je, maji yamebaki kiasi gani, na je, mfuko umeanza kuwa mnene?